Herufi Tatu: U, P na E

Nilipokuwa nikifundisha watoto wa shule ya msingi namna ya kuandika vifupisho, kila mwaka somo hilo lilinipa kicheko. Niliandika ubaoni "k.m." nikawaambia kuwa maana yake ni "kwa mfano". Kesho yake katika hesabu mtoto alikutana na "km 5" akasoma kwa sauti ya kujiamini, "kwa mfano tano". Nikawafundisha kuwa "Dk." ni Daktari. Likaja swali la basi lililotoka Singida kwenda Manyoni kwa saa 2 na dk. 20, na kijana mmoja akataka kujua madaktari ishirini wale walikuwa wanakwenda kufanya nini Manyoni. Katika historia tuliandika K.K., yaani kabla ya Kristo, lakini watoto wa miaka ile walimjua K.K. mmoja tu, Kenneth Kaunda wa Zambia, aliyetajwa redioni mara kwa mara. Ukisema kitu fulani kilitokea mwaka 500 K.K., waliona huyo mzee ameishi sana.

Mkanganyiko wa namna hiyo hauna ubaya. Ni kama kijiji chenye akina Juma wawili, ukiuliza "Juma yupi?" unaonyeshwa nyumba. TAA ilikuwa Tanganyika African Association, chama kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka 1954. Leo ni mamlaka ya viwanja vya ndege, na wakati wote huo taa imekuwa pia ni taa, kile kitu cha kuwasha usiku. Sijamsikia mtu aliyepotea njia kwa sababu yake. KKK katika shule zetu ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Huko Marekani ni kundi la wabaguzi wa rangi lililoanza mwaka 1865 na kuua watu weusi wengi. Nilipolijua jambo hilo nikiwa mtu mzima nilishtuka kidogo, kisha nikaendelea kuandika KKK katika maandalio yangu ya masomo, maana watoto wangu walikuwa na shida zao nyingine.

Lakini kuna aina ya pili, nayo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Hii ni pale ambapo watu wanaijua maana ya kifupisho, au angalau wanajua kuwa ipo, lakini wanaikataa na kuweka yao. Hapo hapana mkanganyiko. Pana hukumu. Na katika hukumu zote za namna hiyo nilizowahi kuzisikia, iliyonigusa kuliko nyingine ni ile iliyochukua herufi tatu, UPE, ikazisoma hivi: Ualimu Pasipo Elimu.

Huu ni utungo wa maneno matatu usio na mtunzi anayejulikana. Haukuchapishwa kitabuni wala hakuna aliyelipwa kwa kuutunga. Hata hivyo umekaa vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka arobaini, muda mrefu kuliko mashairi mengi tuliyokaririshwa shuleni. Naona kitu kilichodumu hivyo kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote. Tukiishia kukicheka tu, hatujakifanyia haki, wala hatujajifanyia haki sisi wenyewe tuliokisema.

Kwa msomaji kijana, nieleze kwanza herufi hizo zilitoka wapi. Ni maneno matatu ya Kiingereza, Universal Primary Education, ambayo kwa Kiswahili tuliyaita Elimu ya Msingi kwa Wote. Mpango wa maendeleo wa mwaka 1969 ulikuwa umelenga kwamba kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya darasa la kwanza ifikapo mwaka 1989. Mwezi Novemba 1974 TANU ikakutana Musoma, ikaona miaka hiyo ni mingi mno, ikaamua kuwa jambo hilo litimizwe mwaka 1977. Kwa maneno mengine, miaka kumi na miwili ilikatwa kwa siku moja. Mwaka 1974 nchi ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao milioni 1.2, mwaka 1978 walikaribia milioni 3.

Sisi tuliokuwa madarasani huku Singida hatukuziona hizo milioni. Tuliona foleni. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa majuzi tu, baadhi bado wakirudi usiku kwenye tembe zao za zamani kuangalia kama paa limeanguka, na sasa wanaleta watoto wa miaka saba, wa tisa, wa kumi na moja, wote darasa la kwanza. Wanakijiji walifyatua matofali, wakajenga kuta, na mara nyingi wakaishia hapo kwa kukosa bati. Watoto walikaa juu ya mawe, na mawe, mtu anayeijua Singida ataniamini, hatujawahi kuyakosa. Kilichokosekana ni walimu. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa idadi iliyotakiwa hata kama vingelaza wanachuo wawili kitanda kimoja.

Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Waliandikishwa zaidi ya 40,000 nchi nzima, wengi wao wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Asubuhi walifundisha madarasa ya chini. Mchana wakasoma ualimu hapo hapo kijijini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa wakufunzi waliozunguka shule kwa shule. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, na mwishoni wakaenda chuoni kwa majuma machache. Kabla hata hawajamaliza, walikwisha pata jina. Wakaitwa walimu wa UPE.

Hapa naanza kulalamika. Serikali yetu ya wakati ule ilikuwa hodari wa kutaja mambo kwa Kiswahili. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Bibi asiyejua kusoma aliyabeba majina hayo kichwani na kuyaelewa bila mkalimani. Sera ya elimu ya mwaka 1967 iliitwa Elimu ya Kujitegemea, nalo ni jina linalojieleza. Sasa hili jambo kubwa kuliko yote, la kumwingiza kila mtoto wa mkulima darasani, likaachwa litembee vijijini na herufi za Kiingereza. Jina la Kiswahili lilikuwepo, lakini lilikuwa refu kwa watu wenye haraka, na ukilifupisha unapata EMW, kitu kisichotamkika hata ukinywa maji. UPE ilikuwa tamu mdomoni. Ina irabu mwanzo na mwisho kama maneno yetu mengi. Tena ni neno letu kweli: ukimwambia mtoto "mche huu upe maji", hujasema Kiingereza. Nimewahi kufikiri kuwa kama mtu angelipata wazo la kuifasiri hivyo, kuwa mpango huu unasema "upe", yaani mji huu upe, mtaa ule upe, tungekuwa na historia nyingine ya neno. Lakini hakutokea mtu huyo. Waganda walipoanza UPE yao mwaka 1997 waliiweka pembeni yake jina la Kiganda, Bonna Basome, wote wasome, nalo likaingia masikioni mwa watu. Sisi tulipewa chungu kitupu, na chungu kitupu hakikai jikoni bila mtu kukitilia kitu.

Sasa tuutazame utungo wenyewe. Kwanza niseme kwamba umetungwa vizuri sana, tena nashindwa kuficha heshima yangu kwa aliyeutunga. Anayetaka kugeuza herufi za watu wengine ana kazi ngumu, kwa sababu hawezi kuchagua herufi. Anaweza kuchagua maneno tu. Angalia alichofanya na P. Katika mazungumzo ya kawaida tungesema "bila elimu". Lakini B haipo, ipo P. Akalitafuta "pasipo", neno lenye kola na tai, la vitabu vya sala na barua za ofisini. Kwa kubanwa na herufi alipata kitu bora kuliko angekuwa huru. "Ualimu bila elimu" ni lawama ya mtu sokoni. "Ualimu Pasipo Elimu" kinasikika kama jina la wizara, au kama kichwa cha sera mpya kilichosomwa katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mzaha umevaa sare ya serikali.

E ameiacha ilivyo. Education ni elimu. Herufi ni ile ile na maana ni ile ile. Sijui mfano mwingine ambapo mgeuzaji ameitafsiri herufi moja sawasawa kabisa, kisha akatumia herufi iliyotangulia kuifuta. Neno la mwisho la serikali na neno la mwisho la mzaha ni moja. Tofauti ni kwamba serikali inasema ipo na mzaha unasema haipo.

Katika E hiyo pana ujasiri ambao nafikiri wengi hatukuuona. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imesema kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi tu ya kwenda sekondari, kwa kuwa watoto walio wengi hawatakwenda huko. Hayo ndiyo tuliyowaambia wazazi. Mtoto wako amemaliza darasa la saba, ana elimu, arudi akalime kisasa. Sasa huyo huyo aliyemaliza darasa la saba alipopewa chaki, watu wakasema hana elimu. Mzaha ulikuwa unaijibu sera usoni: miaka saba tuliyoisifu haitoshi. Hakuna mjumbe wa kikao aliyeweza kulisema hilo wakati ule akabaki na kiti chake, ila utungo usio na mwenyewe uliweza. Kwa hilo nausifu.

Kosa lake liko kwenye U. Katika maneno ya Kiingereza, U ni "kwa wote". Inahusu watoto, na ahadi waliyopewa. Mtunzi ameiondoa, akaweka Ualimu. Wepesi wa kufanya hivyo unaeleweka, maana U kwetu ni mlango ulio wazi: uhuru, umoja, utu, ujamaa. Lakini tazama kilichotokea. Kifupisho kilichokuwa kinazungumza juu ya watoto na juu ya waliotoa ahadi, sasa kinazungumza juu ya mwalimu. Waliokata miaka kumi na miwili wametoka mlangoni kimya kimya. Aliyebaki amesimama mbele ya watu ni msichana wa miaka kumi na sita mwenye chaki mkononi na watoto sabini mbele yake. Tena lilitumika neno ualimu katika nchi ambayo rais wake aliitwa Mwalimu na kulipenda jina hilo kuliko cheo. Angeweza kuguswa yeye, kwa kuwa mpango ulikuwa wake. Hakuguswa. Kicheko kilipita juu ya kichwa chake kikaangukia darasa la kwanza B.

Tupime na mizaha mingine ya ukoo huo. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, na baadaye watu wakaisoma Chukua Chako Mapema. Kwa ufundi ni kazi ya chini kidogo, maneno yake ni mepesi mno, lakini inamlenga mwenye nguvu. Anayesemwa ana redio, ana magazeti na ana polisi, kwa hiyo anaweza kujijibia. AIDS ilipoingia nchini, wagonjwa wa kwanza wakionekana Kagera mwaka 1983, vijana waliisoma Acha Iniue Dogedoge Siachi. Huo ni utungo wa kutisha, kwa sababu msemaji anajicheka mwenyewe huku akielekea kaburini, na wengine walielekea kweli. Hapo watu wetu wa lugha walifanya kazi nzuri wakatupa UKIMWI, neno ambalo herufi zake ni za kwetu tangu mwanzo, kwanza ukosefu na baadaye upungufu wa kinga mwilini. Sijasikia mtu aliyeweza kuligeuza hilo. Halina nafasi tupu ndani yake. Mzaha wa CCM unapanda kwenda juu, ule wa AIDS unazunguka kumrudia mwenyewe. Wa UPE peke yake ndio unaoshuka.

Na ni nani aliyeushusha? Si wanakijiji. Wao walimwita mwalimu wa UPE "mwalimu", wakampa mtama na kuku, wakamletea barua za kusomewa. Niliousikia kwao ulikuwa umetoka kwetu. Tulioutumia sana ni sisi wa Daraja A, tuliofika kidato cha nne na kukaa chuoni miaka miwili. Ulitufaa. Mshahara wetu haukuwa mkubwa, nyumba zetu zilivuja kama zao, watoto walitusalimu kwa shikamoo ile ile. Kitu pekee kilichotutenganisha nao ilikuwa ile E, nasi tukaikamata kwa mikono miwili.

Nilikuwa mwalimu mkuu tangu mwanzoni mwa miaka ya 80. Mwaka 1986 alihamishiwa shuleni kwangu mwalimu mmoja wa UPE aliyefundisha darasa la pili na la tatu. Siku moja mwenzetu alileta ofisini kwa walimu daftari la mtoto, na ndani yake saba mara nane ilikuwa hamsini na nne, ikiwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Daftari lilipita mkono kwa mkono. Lilipofika kwangu nikasema, "Mnashangaa nini? Si ndiyo Ualimu Pasipo Elimu?" Walimu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yeye alikuwa kwenye benchi nje ya dirisha, anasahihisha.

Alikuja ofisini kwangu baada ya kengele ya mwisho. Alisimama, hakukaa. Akasema, "Mwalimu, jedwali la kuzidisha ulinifundisha wewe. Darasa la tano, mwaka 1973. Tulikuwa tunakaa kwenye mawe."

Ilikuwa kweli. Nilimfundisha miaka mitatu, hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1975. Mimi mwenyewe niliandika jina lake katika orodha ya vijana wanaofaa walipokuja kutafuta walimu, na katika nafasi ya maelezo niliandika "mwerevu, ana bidii". Elimu ambayo haipo katika ule utungo, kama haipo, basi niliyeshindwa kuitoa ni mimi. Nilimwambia akae. Hakukaa. Nikamwambia kwamba yalikuwa maneno ya utani tu, akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda kuchukua daftari lile na kulirekebisha. Sikumwomba radhi siku hiyo. Nilimwomba miaka miwili baadaye, na kwa namna ya kuzungukazunguka, ambayo naona haihesabiki.

Sitaki msomaji adhani kwamba namgeuza kuwa malaika ili mzaha uonekane mwovu. Walimu wale walikosea, tena sana, na wako watoto waliomaliza darasa la saba wakiwa hawawezi kusoma barua. Nimewaona, na baadhi ni jirani zangu. Kitabu kimoja kiligawanywa kwa watoto wanane. Ila wapo pia maelfu ambao bila wale vijana wasingekanyaga darasa lolote, na utungo wa maneno matatu hauna nafasi ya kuyasema yote mawili. Katikati ya miaka ya 2000 vijana wa kidato cha sita walipopewa mafunzo ya mwezi mmoja na kupelekwa katika shule za kata, watu wakawaita vodafasta, kwa jina la huduma ya simu. Nilikuwa karibu na kustaafu. Niliposikia jina hilo likisemwa mbele ya kijana mmoja mgeni, niliona macho yake, nikakumbuka benchi lililo nje ya dirisha.

Yule mwalimu alisoma kozi za kazini akapanda hadi Daraja A. Alistaafu mwaka 2021. Shule yake ya mwisho ilimfanyia sherehe chini ya mti, pilau na soda, nami nikaalikwa kama mwalimu wake wa zamani. Kijana aliyeongoza shughuli alisoma wasifu kutoka kwenye karatasi: alizaliwa mwaka 1961, alimaliza darasa la saba mwaka 1975, aliingia kazini mwaka 1977 kwa mpango wa… Hapo akasita. Akazisoma herufi mojamoja kama zinavyosomwa kwa Kiingereza, akainua macho.

"Samahani, Mama, hii kirefu chake nini?"

Sisi wazee wa mstari wa mbele tuliangalia chini. Mmoja wetu alikuwa anajiuma mdomo, nilijua anachokizuia. Yeye alijiweka sawa khanga begani, hakusimama.

"Elimu ya Msingi kwa Wote," akasema. "Endelea, mwanangu. Watu wana njaa."